Kuapa kwa Mujapani

Mutakura, Bujumbura
Tarehe 8 mwezi wa kwanza 2024

Kwako Djibril, mutoto wa kaka yangu,

Salaam aleikum. Huku tunapumua, tunashukuru Mungu. Mi niko muzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikikaa sana ku butike. Muke wako Adija na watoto wako muzima pia. Yule mukubwa ameng'oka meno ya mbele na anacheka na kila mutu apate kuona pengo. Mvua imeangusha choo cha jirani, sasa harufu yote imehamia kwetu kama mugeni asiye na haya. Essence, mafuta ya gari, hakuna. Magari yamelala barabarani yanangoja pompe, na mi muuza spea nimekaa natazamana na mabuji yangu ya injini.

Utashangaa naandika kwa mukono. Simu sitaki. Simu yangu kila mutu anaishika, na mu ile groupe ya famille, ya ukoo muzima, ukikohoa tu, jamaa wa Uvira, Kongo, wanakupa pole. Tajudini anaenda Dar kupokea magari munayotuma kutoka Japani, ataiweka hii posta ya kule. We ukijibu, weka barua mu tiroir, ile droo ya mbele ya gari atakalopokea. Atanipa mukononi, na anajua kufunga mudomo.

Sasa neno lenyewe. Ijumaa kaka Sulemani, baba yako mukubwa, alikuja hapa kunywa chai. Akaniambia umemupigia. Eti watu wamekwambia Adija ana mwanaume. Eti unataka aape kwa Mujapani, mbele ya ukoo wote, mwezi wa saba, baada ya harusi ya binti wa Sulemani. Djibril, ni kweli ulisema hivyo? Chai ilinirudi puani.

Hao "watu" ni nani? Hawana jina? Adija analala na watoto wako kitanda kimoja, mulango unatazamana na wangu. Kama kuna mwanaume anapita hapo, basi ni paka.

Ile panga tunayoiita Mujapani tunaijua sote. Marehemu baba yangu, babu yako, aliileta kutoka vita ya Birmania, ya kupigana na Wajapani, kule alikobeba majeruhi mu hospitali ya askari wa Kongo. Tangu afe iko juu ya kabati la Sulemani, pale Buyenzi, imefungwa kitambaa cha kijani. Haitolewi mu ala, eti ikitoka lazima inywe damu. Mutu anaweka mukono juu ya kitambaa, anasema bismillahi, anaapa. Akidanganya, eti Mujapani anamufuata mpaka nyumbani. Tena ni wanawake tu ndio wanaapishwa. Sijaona mwanaume wa ukoo huu ameweka mukono pale hata siku moja. Masheikh wametukataza, tumewaitikia ndiyo, tumerudi ku kabati. Inatia kinyaa.

Lakini we uko kwao. Kabla muke wako hajaweka mukono, uliza huko huko: hii ni panga gani, nani aliifua, na inajuaje uongo wa muke wa Bujumbura?

Foto yako ya mwaka mupya nimeiona. Umenenepa, mashallah. Meza imepangwa vizuri, bakuli mbili, vijiti huku na huku. Nani anakupikia?

Shangazi yako,
Mwantum


Nagoya
20 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Aleikum salaam. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara nyingi. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inatuonea. Asubuhi tunamwaga maji ya moto juu ya vioo vya magari kabla ya kuyapiga picha. Pole kwa goti. Wabusu watoto, na huyo mwenye pengo mwambie namtumia mpira.

Habari ya Adija naomba tusiiandike sana. Nimeambiwa na mtu ninayemwamini, na hayo yanatosha. Sitaki kumwonea. Ndiyo maana nimechagua Mujapani, kwa sababu Mujapani hamwonei mtu. Hata wewe, Shangazi, unajua alivyofanya.

Lakini swali lako limenifurahisha, sikutegemea! Nilimweleza bosi wangu, naye akanipeleka kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuzitambua panga za zamani. Nilipomwambia babu yangu aliitoa Birmania, aliagiza chai kwanza. Anasema maofisa wao wengi walikwenda vitani na panga. Nyingine zilifuliwa na mafundi wakubwa, mtu akapewa na baba yake, aliyepewa na baba yake. Nyingine zilitoka kiwandani haraka haraka. Kwa macho ya nje huwezi kuzitofautisha, kwa sababu ala na mpini vinabadilishwa. Ukweli uko ndani ya mpini.

Nakuandikia alivyoniambia. Mpini una kitundu kidogo ubavuni, na ndani yake kuna kijiti cha mwanzi. Ukikigonga taratibu kinatoka, na mpini unachomoka wote. Ule mkia wa chuma unaobaki ndio wa kutazama. Kama fundi aliweka jina lake, liko pale. Usisugue kutu hata kidogo, kwa sababu rangi ya kutu ndiyo inayosema umri. Weka karatasi nyembamba juu ya mkia, pitisha penseli juu yake, na kila alama itatokea. Hiyo karatasi ndiyo anayoitaka. Chini ya kamba za mpini kuwe na ngozi ya samaki, nyeupe, yenye vipele. Na kwenye makali kuwe na mstari kama ukungu.

Nafikiri utaweza, kwa sababu Baba Mkubwa hatakubali kuigusa. Fikiria Shangazi, kama ni ya fundi mkubwa! Ukoo wetu utakuwa na heshima hata huku.

Kijana wako,
Djibril


Mutakura
Tarehe 14 mwezi wa ine 2024

Djibril,

Salaam. Idi ilipita. Mpira ulifika na umeshapasua kioo cha jirani. Ziwa limepanda, watu wa chini wamebeba magodoro kichwani, na mbu wamefurahi kuliko sisi. Adija alikushonea kanzu ya Idi bila kujua vipimo vyako vipya. Nimemwambia aiweke kwanza.

Kuna maneno mu barua yako nimeyasoma nikaweka karatasi chini, nikatoka nje kutema mate. "Hata wewe unajua alivyofanya." We unajua nini? Ulikuwa mugongoni mwa mama yako, unanyonya vidole.

Basi nitakwambia. Nilikuwa nimemuzaa Soumaya. Mume wangu akasikia, naye, kwamba "watu wanasema". Waliniketisha ku mukeka damu ya uzazi haijakauka. Niliweka mukono juu ya kitambaa, nikaapa kwamba mutoto ni wake. Na mutoto alikuwa wake, alikuwa na masikio yake yote mawili. Kabla ya arobaini Soumaya alishikwa na homa. Nilimubeba mpaka hospitali, alikuwa wa moto hata kanga ilikuwa ya moto. Akafa. Hakuna mutu alisema homa. Walisema Mujapani amekula. Ku matanga yenyewe walisema, wakitafuna wali wangu. Mume akanirudisha kwetu na virago vyangu, na tangu siku ile hakuna muke wa ukoo huu ananipa mutoto muchanga nimubebe. We hujawahi kujiuliza kwa nini? Adija peke yake alinipa wake. Alinipa hata kabla hawajamufunga kitovu, akasema, "Tantine, mushike, mi nasinzia."

Sasa panga.

Siku ya Idi, wanaume wote walipokwenda kuswali, nilikwenda Buyenzi kama kila mwaka kusaidia kupika. Nikasema nafua mapazia ya chumba cha kaka. Nikapanda ku kiti na goti hili. Ilikuwa nyepesi. Nikajiambia, labda ni mi nimezeeka vibaya.

Nilipokuwa mudogo marehemu baba alikuwa ananiacha niguse mupini. Chini ya kamba kulikuwa na kitu cheupe, kigumu, kinakwaruza kama ulimi wa paka. Ulivyoandika ngozi ya samaki, vidole vyangu vilikumbuka. Nikachokonoa kamba. Djibril, chini ya kamba kuna chambre à air. Kiraka cha mpira wa baiskeli, cheusi, kimeoza, kinanata. Nilikivuta kikanibaki mukononi na ile harufu yake. Yebaba we!

Kijiti cha mwanzi hakuna. Kuna musumari umekunjwa. Niliung'oa na koleo yangu, mupini ukatoka. Na mkia wa chuma, ule wa jina la fundi mukubwa, una tundu katikati unaloweza kuingiza kidole. Nilicheka. Kisha nikakaa chini.

We uko mu magari na hujawahi kulala chini ya gari. Mi nauza spea tangu mume aniache. Tundu lile nalijua nikiwa nimefumba macho. Chini ya lori kuna zile bamba za risori, ndiyo springi, zimepangwa moja juu ya ingine, zinabeba muzigo, na bulon moja, ile bolti ndefu, inapita katikati yazo zote. Hilo ndilo tundu lake. Mujapani wenu ni bamba la risori. Mutu alilikata, akalinoa, akaliviringishia mpira. Mstari wa ukungu hakuna, kuna alama za meule, lile jiwe la kunolea chuma.

Nimepitisha penseli kama ulivyosema. Karatasi ni hii. Mupelekee muzee wako, na umuombe radhi kwa chai yake.

Nani alibadilisha, na lini, sijui. Ninawaza, na sitaki kuandika ninachowaza. Niliirudisha mu kitambaa, nikaipandisha palepale, nikanawa mikono na sabuni ya unga.

Djibril, mutoto wangu, simamisha kikao. Neno moja lako linatosha. Mupigie kaka Sulemani, mwambie umesamehe, mwambie umechunguza, mwambie chochote. Adija ameanza kukonda. Anaota ile panga. Usimuache apitie pale nilipopita.

Na hukunijibu. Nani anakupikia?

Mwantum


Nagoya
25 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Aleikum salaam, na natumaini maji yamerudi ziwani. Huku maua yameisha na joto limeanza. Kazi ni nyingi. Ndani ya gari hili nimekuwekea plasta za goti, wazee wa huku wanazisifu sana. Bandika kabla ya kulala.

Nilimpelekea mzee ile karatasi. Aliitandaza, akaitazama, akageuza, akatazama tena. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema pole. Nilitamani ardhi inimeze.

Pole kwa habari ya marehemu mtoto. Sikujua hivyo ulivyoeleza. Mimi nilisimuliwa kwa namna nyingine.

Nimefikiri sana, Shangazi, na naomba unisikilize kwa utulivu. Tukitangaza jambo hili, ukoo utavunjika. Baba Mkubwa ni mzee, ana presha. Watu wa mtaa watatucheka. Na marehemu babu jina lake litachafuka bure, wakati yeye aliileta ya kweli.

Kwa hiyo tuache kikao kiendelee. Adija hajui. Kama ni msafi, ataweka mkono na yataisha. Kama ana kosa, ataogopa, na sisi tutaona. Kazi ya Mujapani siku zote ilikuwa hofu tu, na hofu iko palepale. Ukifikiri vizuri, hakuna kilichobadilika. Wewe na mimi tu ndio tunajua, na mimi nakuamini kama mama yangu.

Ile karatasi nimeichana.

Niombee.

Djibril


Mutakura
Tarehe 30 mwezi wa saba 2024

Djibril,

Salaam nakupa kwa sababu dini inanilazimisha.

Barua yako ilikaa mpakani, gari halina essence, na Tajudini alinifikishia siku ya tatu kabla ya kikao. Plasta zako nimemurudishia Tajudini. Ana mugongo mubovu, zitamufaa.

Nilisoma barua nikiwa nimesimama ku butike. Pale uliposema "hofu iko palepale" nilikwenda nyuma, ku mutaro, nikatapika. Sitii chumvi. Nilitapika chakula cha mchana chote, wali na maharage. Muteja alinishika kichwa akaniuliza kama ni malaria. Nikamwambia apana, ni mutoto wa kaka yangu.

Sasa sikia kikao.

Tulikuwa wengi, sebule ya Sulemani ilijaa mpaka ku ngazi. Wa Uvira walikuwa bado wana hina ya harusi. Waliniweka karibu na mulango, pale ninapowekwaga. Adija alikuwa ku mukeka katikati, amejifunga kanga mbili, midomo imekauka. Sulemani akaleta Mujapani mikononi kama anabeba mayiti, na wanawake wote wakavuta watoto wao. Na mi nilivuta goti langu. Mwili una ujinga wake.

Akamwambia Adija, "Weka mukono."

Nikasema, "Ngoja." Nikasimama, nikachukua ile kitu mikononi mwake, nikavua kitambaa. Mutu akapiga kelele. Nikachomoa. Nakwambia watu walipanda juu ya viti! Muke wa Sulemani alijifunika uso na muto. Nikasema, "Imetoka, nani atanywewa? Mi hapa, inywe." Tukangoja. Kuku walikuwa wanaparura uwanjani, basi.

Nikakata kamba na makasi, nikaweka ule mpira wa baiskeli ku mukeka, mbele ya Adija, unanuka. Nikavua mupini, nikawaonyesha tundu la bulon, nikaingiza kidole. Watoto wa Sulemani ni mafundi wa magari, hawakuhitaji kuelezwa. Yule mukubwa akasema kwa sauti ndogo, "Ni risori ya Benz."

Nikamugeukia kaka. Nikamwambia, "Kaka Sulemani, kama nasema uongo, weka mukono hapa. Apa kwamba hii ni panga ya baba."

Mikono yake ilikuwa mu mikono ya kanzu, na ilibaki humo. Unaelewa, Djibril? Yeye ndiye anajua kuliko sisi wote ni chuma cha lori. Na hakuthubutu kukigusa.

Alianza na presha, ile unayomuhurumia. Akaomba maji. Akanywa. Nikamuuliza, "Tangu lini?" Akasema baba alipokufa kulikuwa na muzungu aliyeitaka sana ile ya kweli, akamupa, arobaini ya baba haijafika. Akamupa fundi atengeneze ingine, juu watu wasiulize. Nikasema, "Kabla sijaapa mi, ao nyuma yake?" Akainua tena glasi ya maji. Nikauliza tena. Akakasirika, akapiga kelele, "Kabla! Hata we uliapa kwa hii hii! Na iko nini? Si ilifanya kazi? Si mutoto alikufa?"

Alisema hivyo. Mbele ya watu. Kaka yangu, tumbo moja.

Miaka yote hii nilikuwa napita mbele ya kabati lile nainamisha kichwa. Kuna siku, Mungu anisamehe, nilijiuliza kama labda kweli nilikosea mahali, labda nilimutazama mwanaume mwingine ku soko, labda niliwaza. Nilijitafuta kosa kama mutu anatafuta chawa. Kumbe niliapa mbele ya risori, na kaka yangu alijua, alikuwa amekaa pale anatafuna tende. Nikimuwaza sasa, mate yananijaa mudomoni. Na nikikuwaza we, vilevile, maana maneno yake na yako ni yale yale. Yeye alisema kwa kelele, we uliandika na plasta.

Nikatoa barua yako. Niliwasomea, hata pale pa kuichana karatasi. Karatasi si kitu, chuma chenyewe kilikuwa mapajani mwangu. Adija alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akafungua kanga ya juu, akaikunja vizuri, akasema, "Mi nitaapa kwa Mungu aliyeniumba, sasa hivi, sina mwanaume. Mupigieni mume wangu na yeye aape kwa Mungu huyo huyo. Aape ni nani anakula ku bakuli la pili." Kumbe na yeye aliiona ile foto. Sikuwahi kumuuliza.

Wakakupigia. Simu iliita, tukaiweka katikati ya mukeka, sauti kubwa. Iliita, ukakata. Wakapiga tena, ukakata. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa. Yule mutoto mwenye pengo akasema, "Papa iko na kazi." Wa Uvira walitazama chini.

Adija ameapa. Kisha amechukua watoto, amekwenda kwa mama yake Gasenyi, na sheikh wa kule amekuandikia. Nilimubebea cherehani. Anangoja neno lako la talaka, na ulitoe kama mutu, si kupitia "watu wanasema". Kanzu yako ya Idi imebaki kwangu. Nafutia mafuta ya injini.

Ile chuma nayo niko nayo. Hakuna aliyeniomba niirudishe. Imetundikwa ku butike pamoja na risori zingine. Jana dereva wa Benz aliishika, akaipima na jicho, akaniuliza kama itabeba muzigo. Nikamwambia apana, hii imeshaharibiwa, mutu aliikata.

Sasa kitu kimoja nataka kwako, na si plasta. Fungua ile groupe ya famille, pale wanapokutumia maua na dua za Ijumaa. Andika kwa kidole chako: Soumaya, binti wa shangazi Mwantum, alikufa kwa homa. Usiongeze kitu. Usiseme pole, usiseme Mungu anajua. Andika hivyo tu, wote wasome, wa Uvira na wa huku Kanyosha na kaka Sulemani.

Ukishaandika, ndipo utaniita shangazi.

Mwantum